Mama wa Ufagio

Mwalimu wa Kiingereza pale shuleni Kalundu hushika chaki kwa kidole gumba kilichopinda nje. Sauti humpanda kila anaposoma ile riwaya kuukuu ya Waingereza, ambamo matajiri hula ghorofani, watumishi hula chini jikoni, na hakuna bwana anayejua jina la mpishi wake. Anawachukia mabwana hao mpaka mate yanamruka. Lakini mwanamke anayefagia shule akiingia na ndoo yake, yeye hushusha sauti, humwondolea kiti njiani na kusema tu, "Asante, mama." Jana Noella, mwanafunzi wa dawati la mbele, alishindwa kuvumilia.

"Prof, mama huyu jina yake nani?"

Chaki ikakatika. "Ni mama," akajibu.

"Bamama ni wengi, Prof. Huyu jina yake?"

"Ni mama," akarudia polepole, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwanamke akainama, akaokota kipande cha chaki kwa kidole gumba kilichopinda nje. Noella hakucheka. Hakujua tena kama mwaka mzima mwalimu alikuwa anamficha mama yake, au anamtangaza.