Moshi Ndani ya Matundu ya Simu

Mjukuu wangu hutunza kompyuta za ofisi moja kubwa, na akitaka kunieleza habari za mitandao huongea polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Namwacha aeleze. Mimi nilikuwa na mtandao wangu Homa Bay miaka ya sitini, na ulikuwa na kelele kuliko wake.

Nilikuwa opereta wa simu. Mbele yangu palisimama ubao mkubwa wenye matundu ya shaba, kila tundu na laini yake: hospitali, bwana shamba, maduka ya pale mjini, na chini kabisa, karibu na dirisha, Migori. Mtu akiomba Migori, nilichomeka waya, nikazungusha mkono wa mtambo, nikamuunganisha. Kazi nzuri, lakini mimi nilitaka kuwa fundi. Nilitaka kujua kilichomo tumboni mwa ule ubao. Kila nafasi ya mafunzo Nairobi ilipotokea, mkuu wetu alipeleka mwanamume.

"Nyar Lambwe," aliniambia, maana mimi ni binti wa bonde la Lambwe, "hii kazi ni ya kupanda nguzo. Sketi itapanda nguzo namna gani?"

"Niletee suruali, Mzee, halafu uone."

Hakupenda jibu hilo. Mdomo wangu ulikuwa haujui kunyamaza, na mpaka leo haujajifunza.

Msimu ule sam walitujia kwa wingi, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoingia machoni na kwenye chai. Kwetu dawa yao kila mtu anaijua: moshi wa mavi makavu ya ng'ombe. Mlinzi wetu, mzee wa Mfangano, akawa anawasha chungu chini ya dirisha kila siku. Sote tulimshukuru, mkuu akiwa wa kwanza.

Baada ya muda laini ya Migori ikaanza kukwaruza. Mafundi wakafuata nguzo barabara nzima, wakakaza waya, wakarudi wamechoka hoi. Ikaendelea kukwaruza. Mkuu akaamua kwenda Migori mwenyewe kuangalia mtambo wa huko. Nikamzuia mlangoni.

"Mzee, nikiipata shida hapa ndani, utanipeleka Nairobi?"

"Ukiipata, utaenda. Lakini shida iko Migori." Akapanda gari.

Nilikuwa nimeshaangalia matundu ya safu ya juu. Hayakuwahi kutumika, na yalikuwa yamezibwa kwa vizibo vya mbao. Nikafungua ubao kwa nyuma, nikatoa waya za Migori kwenye tundu lake na kuzifunga kwenye moja la yale yaliyozibwa. Nikiharibu, kazi imekwisha, narudi Lambwe kushika jembe. Nikapiga Migori.

"Dada, umefanya nini?" akauliza opereta wa huko. "Leo iko kama umekaa hapa na mimi!"

Basi waya zilikuwa nzima na mtambo wa Migori mzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye tundu langu. Nikalisugua kwa kitambaa chenye spiriti, kikatoka cheusi. Nikakinusa. Mavi ya ng'ombe! Moshi wetu wenyewe, tuliouwasha kwa mikono yetu, ulikuwa umeganda kwenye shaba. Nilicheka hadi mlinzi akaja kuchungulia. Nilipomwambia azime chungu, alishika kiuno.

"Sam watatumaliza, nyathina, mwanangu!"

Nikatundika neti dirishani, nikasafisha matundu yote, nikarudisha waya za Migori mahali pake. Mikono ilikuwa myeusi na ilinuka zizi, nami nilijiona malkia.

Mchana mkuu akapiga kutoka Migori.

"Huku hakuna shida. Na mbona laini imekuwa safi? Nani ametengeneza?"

"Mimi, Mzee. Ulikuwa moshi wa mavi." Nikamweleza yote, hata kufungua ubao bila ruhusa.

Nikajua nimefukuzwa.

"Nilisema utaenda," akasema. "Basi utaenda Nairobi. Utakuwa fundi."

"Sijasikia, Mzee."

Uongo mtupu. Nilikuwa nasikia hata pumzi yake. Nilitaka tu aseme tena, nami nimesimama.