Supa ya Baba na Upepo wa Tairi

Naikumbuka Alhamisi moja, mwanangu, gari la baba lilipotuaibisha kivukoni Likoni. Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na mimi nilikuwa nimeposwa na watu wa ng'ambo hiyo.

Wewe umenunua gari juzi, Mungu alitie baraka, nawe umeniuliza kama petroli ya bei ya juu italitia nguvu na kulifikisha mbali zaidi. Swali lako lina jibu fupi, lakini mimi majibu mafupi yamenishinda tangu ujana. Kaa nikusimulie.

Baba yangu alikuwa fundi wa kushona kanzu, duka lake Ndia Kuu, Mombasa kisiwani. Alikuwa na gari kuukuu la rangi ya maziwa, akilipenda kuliko sisi, ndivyo tulivyomtania. Mama alipokuwa hajiwezi kwa maradhi ya mgongo, alimwachia wasia mmoja: "Siku ya kumpeleka mwanetu kwa mumewe, umwendeshe wewe. Usimpe mtu wa kukodi." Baba akamwahidi. Mama akafariki kabla ya posa kuja, Mungu amrehemu.

Baada ya hapo gari likawa zito. Likawa linakunywa petroli bila kushiba, na penye kilima kidogo tu linaguna. Siku hizo vituoni kulikuwa na regula, ya bei nafuu, na supa, ya bei ya juu. Gari letu liliundwa kwa regula. Baba akaamua kulinywesha supa, kwa imani ileile ya kumnywesha mzazi aliyetoka kujifungua uji wa pilipili manga. Kila akitoka kituoni alitega sikio, akasema, "Mwasikia? Leo lapumua." Sisi hatukusikia kitu, ila tulimwitikia. Mtu akipenda, chongo huita kengeza.

Basi Alhamisi hiyo akatuchukua kujaribu safari ya Likoni: mimi, kaka yangu Athmani, na Shangazi Zuhura, dada mkubwa wa baba. Tukavuka salama. Lakini pale pa kutokea ferini pana mwinuko, na gari lililojaa supa likafika katikati likazima. Nyuma honi, mbele vicheko, na vijana wasiotujua wakatusukuma hadi juu. Mimi nilijifunika buibui hadi machoni.

"Baba, tutakodi gari," Athmani alisema. "Hatuwezi kumpeleka bibi harusi kwa kusukumwa."

Baba aliushika usukani kwa mikono miwili, asiuachie. Nilimhurumia mpaka nikatamani harusi isiwepo.

Shangazi alishuka, akalizunguka gari, akabonyeza tairi moja kwa ncha ya kiatu. Kisha akaja dirishani kwa baba.

"Abdalla, ndugu yangu, matairi haya wayakumbuka?"

"Yana nini?"

"Uliyapunguza upepo kwa ajili ya mgongo wa wifi yangu, asiumizwe na mashimo. Nami nilikuwamo garini siku hiyo. Mpaka leo hujayajaza."

Baba aliinama. "Kila nikienda kuyajaza, dada, mkono wakataa. Naona kana kwamba namwambia asirudi."

Shangazi alimwekea mkono begani. Alikuwa mkali kwa desturi, lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa ya kubembeleza.

"Hatarudi, Abdalla. Na gari hili halina ndwele. Petroli wabadilisha, upepo waogopa! Yajaze, umpeleke mtoto kama ulivyoahidi. Hilo ndilo alilolitaka mwenyewe."

Tuliporudi kisiwani tulisimama kituo cha kwanza. Athmani alitaka kusaidia, baba akamzuia. Aliyajaza mwenyewe, na tairi la nyuma, upande aliokuwa akikaa mama, alilijaza mwisho.

Baada ya harusi, fungate tuliyokaa kwetu ilipokwisha, baba alinipeleka kwa mume wangu Likoni, kwa regula. Pale kwenye mwinuko gari lilipanda bila kuguna, na Shangazi akapiga kigelegele cha kusikika hadi kwenye feri. Lakini nisikufiche, matairi yaliyojaa yaliturusha kwenye mashimo yote ya njiani. Nilikuwa nimekaa mahali pa mama. Kila tukirushwa, baba alitazama kwenye kioo, akasema taratibu, "Pole, mama." Sikumwitikia, kwa sababu nilijua si mimi aliyekuwa akipewa pole.

Basi, mwanangu, jibu lako ndilo hili. Kifungue kitabu cha gari lako. Likiwa limeundwa kwa petroli ya kawaida, hiyo ya bei ya juu haitaliongezea nguvu wala mwendo. Likiwa limeundwa kwa ya juu, lipe haki yake. Na kabla ya kuilaumu petroli, tazama upepo. Lakini pia jitazame wewe. Likikulemea jambo, usikimbilie kununua cha ghali ili usiliguse lile dogo linalokuuma. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiona mkono unakataa, mwite mtu anayekupenda asimame nawe, kama Shangazi alivyosimama na baba.

Mungu akujaalie safari za kheri na za kurudi. Na siku utakapompeleka mwanao kwake, gari lako lipande kilima bila kuguna, nawe uwe na mtu humo garini wa kumwambia pole.