Tajiri Mbaya wa Duka la Magodoro

Watu wa televisheni walipoingia dukani walimkuta Mama Magodoro kapiga magoti, anashona kava lililofumuka, sindano kaibana midomoni. Wakauliza bosi yuko wapi. Akaitoa sindano, akawaambia ndiye wanayeongea naye. Mwongozaji akatazama kandambili zake, akadhani anataniwa.

Walitaka kukodi duka siku moja, wapigie picha za tamthilia yao. Katika tamthilia hiyo mlikuwa na tajiri wa suti nyeupe na pete tatu, ambaye kazi yake ilikuwa kucheka peke yake na kuonea wanyonge. Siku hiyo alitakiwa kumfukuza bibi kizee aliyekuja kuulizia godoro. Mama Magodoro mwenyewe walimsimamisha kwenye kona, aonekane kama mteja.

"Toka, unanichafulia duka!" tajiri akanguruma. Bibi akaanguka vizuri kabisa.

Mama Magodoro akatoka kwenye kona yake, picha ikaharibika.

"Mwanangu," akamwambia mwongozaji, "huyu tajiri wako duka kalipata wapi? Mteja hafukuzwi. Hata anayepita kupumzisha miguu, mimi namkalisha kwenye godoro la bei kubwa. Akishakaa, mgongo wake utabishana na mfuko wake wenyewe. Mimi nanyamaza tu."

Mwongozaji, kwa kejeli, akamwambia basi awaonyeshe. Mama Magodoro akamshika bibi mkono, akamlaza, akamuuliza habari za kiuno. Yule mwigizaji akasahau maneno ya kuigiza, akaanza kusimulia kiuno chake cha kweli. Haikupita robo saa, alikuwa amenunua godoro la futi tano kwa sita. Tajiri wa suti nyeupe alichukua mito miwili. Mwongozaji naye aliondoka na godoro juu ya gari la vifaa, mwenyewe hajui lilifikaje pale.

Tamthilia ilipoonyeshwa, hayo yote yalikuwa yamekatwa. Tajiri alimfukuza bibi, akacheka, na Mama Magodoro akaonekana sekunde chache, kajikunyata kwenye kona.

Kesho yake majirani walimiminika kumpa pole kwa kufanya kazi chini ya bosi katili namna ile. Mmoja alimletea trei ya mayai. Aliyapokea kwa mikono miwili, uso kauinamisha.

Wifi yake alifura. "Wamekufanya kibarua dukani kwako mwenyewe, na wewe umenyamaza?"

"Sasa wifi, nikiikataa pole, si itabidi nirudishe na mayai?"

Wifi alinuna siku mbili. Ya tatu akaomba akaangiwe mawili.