Nifute?

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kwa harufu yake kuliko kwa tarehe. Ilikuwa harufu ya oili chakavu iliyochanganywa na mchanga na kupashwa na jua la alasiri, huko kwenye vilima vya Geita, miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatutawala. Wewe ukisikia gofu unafikiria majani ya kijani yanayonyweshewa maji kila asubuhi. Sisi tuliicheza vumbini. Majani yalikataa kuota kwa ukame, basi kila shimo la mchezo likazungushiwa duara la mchanga uliolowekwa oili ili upepo usiupeperushe. Tuliliita brauni, na mpira ukipita juu yake uliacha mstari kama wa kidole kwenye unga.

Mimi ni Maige, maana yake nzige, kwa sababu nilizaliwa mwaka ambao nzige walimaliza mashamba yote ya kwetu Shinyanga. Mama alipenda kusema kwamba nilikuja duniani na njaa yangu mwenyewe. Nilipofika miaka ishirini na miwili njaa hiyo ilikuwa ya jua, kwa maana nilikuwa nikifanya kazi chini ya mwamba, kwenye mgodi wa dhahabu. Tulishuka kabla hakujapambazuka na kupanda jioni, tukikohoa vumbi la mawe. Mwenzangu niliyelala naye chumba kimoja alikuwa ameanza kutema damu, na kila alipokohoa nilihesabu siku zangu mwenyewe. Nilitaka kutoka kule chini, mwanangu. Sijawahi kutaka kitu kingine namna ile.

Njia ikaonekana mahali ambapo Msukuma hangeitafuta kamwe. Jumapili asubuhi, wakubwa wakiwa kanisani, sisi wafanyakazi tuliruhusiwa kucheza gofu kwa fimbo zao zilizovunjika, tulizozitia mipini ya mti wa mkole. Nilikuwa na mkono mzuri. Nasema hivyo bila kuona haya, maana uzee umeninyang'anya mambo mengi na majivuno machache haya yameniambata. Basi ikatangazwa kwamba mchezaji wa kulipwa kutoka Nairobi, aliyekuwa akizunguka migodini kufundisha, anatafuta msaidizi Mwafrika. Wafanyakazi wote washindane, mashimo tisa, na atakayemaliza kwa mapigo machache zaidi atakwenda naye, alipwe mshahara kwa kucheza mpira juani.

Kufikia alasiri ya mashindano tulibaki wawili wenye matumaini, mimi na Salumu, Mnyamwezi wa Tabora aliyefanya kazi stoo. Tulicheza pamoja, kila mmoja akiandika hesabu ya mwenzake kwenye kadi. Mwamuzi wetu alikuwa nyapara mkuu wa mgodi, mtu mwenye sauti ya kuamsha wafu, aliyebeba kijitabu cha sheria mfukoni.

Sheria za mchezo ule zilinishangaza tangu siku ya kwanza, na hata leo sijamaliza kushangaa. Iko moja iliyosema kwamba ukishasimama na kuweka fimbo nyuma ya mpira, mpira ukisogea hata kidogo, ujihesabie pigo moja. Hakuna wa kukuhesabia. Upepo ukiusogeza, juu yako. Mpira ukisogea na hakuna aliyeona ila wewe, juu yako vilevile. Salumu alikuwa akinung'unika, "Yaani mtu awe mwizi, awe askari, awe hakimu, wote ndani ya shati moja?" Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa nikujulishe kwa Mzee Luhende, kwa sababu habari hii ni yake. Alikuwa mtunzaji wa brauni. Kazi yake ilikuwa kuburuta ubao wenye mpini mrefu juu ya mchanga na kuulainisha kabla ya mtu kupiga, kisha kufuta alama ili anayefuata akute mchanga safi. Mwembamba, mfupi, kaptura ya kaki na shuka begani. Wageni walimwona mtu wa kufagia tu. Sisi wa kwetu tulijua kwamba ujanani alikuwa mfuata nyayo, yule ambaye vijiji vilimwita ng'ombe wakiibwa.

Kwenye shimo la nne mpira wangu ulitumbukia katika kishimo kidogo. Sheria ya uwanja wetu iliruhusu kuutoa mpira bila adhabu kama umeingia kwenye alama ya kwato ya ng'ombe, maana mifugo ilikatiza pale kila siku. Nikasema ni kwato. Salumu akasema ni kisigino cha buti, basi niupige hapohapo ulipo. Tukabishana hadi nyapara akachoka, akamwita Mzee Luhende.

Mzee alipiga magoti. Hakugusa kitu. Alitazama kwa muda ambao ungetosha kuvuta sigara nzima, kisha akasema, "Ni ndama. Amepita jana jioni, kabla umande haujashuka. Mguu wa nyuma wa kushoto unamuuma."

Salumu akaguna. Lakini tulipofika shimo la sita kundi la ng'ombe likakatiza mbele yetu likirudi kutoka mtoni, na nyuma kabisa alichechemea ndama mmoja mwekundu, akiuinua mguu wa nyuma wa kushoto. Salumu alisimama akimkodolea macho. Hata nyapara alivua kofia akajikuna kichwa, halafu akamtazama yule mzee wa ubao kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

Shika jambo hilo, mwanangu. Jicho la mzee lilikuwa limeniokoa pigo zima.

Tukafika shimo la tisa. Salumu alikuwa amemaliza. Mpira wangu ulikuwa hatua mbili kutoka shimoni, na nikiuingiza kwa pigo moja, nimemshinda kwa pigo moja. Mzee Luhende aliburuta ubao wake, akalainisha njia, akakaa pembeni. Upepo wa alasiri ukaanza. Nyapara aligeuka kuukinga moto wa kiberiti chake. Salumu alikuwa ameinamia kadi. Nikasimama, nikaweka fimbo nyuma ya mpira, nikavuta pumzi.

Mpira ukasogea. Upana wa ukucha tu, mwanangu. Ulijiviringisha kidogo, ukatulia.

Ningeweza kunyoosha mkono na kusema. Pigo moja lingeongezeka, tungekuwa sawa na Salumu, tungerudia kesho yake, na mkono wangu ulikuwa bora kuliko wake. Lakini nilisikia kikohozi cha mwenzangu wa chumbani, nikaona giza la kule chini. Nikapiga. Mpira ukaenda moja kwa moja, ukaingia, ukalia kwenye kikombe cha bati.

Watu waliokuwa wakitazama kwa mbali wakashangilia. Mimi nilitazama mchanga. Mstari ulikuwa mzuri, umenyooka, isipokuwa mwanzoni kabisa: palikuwa na vidoti viwili vya kukaa mpira, badala ya kimoja. Nikainua macho, nikakuta Mzee Luhende naye anatazama pale pale.

Alikuja na ubao wake, akasimama ukingoni mwa duara. Kazi yake ilikuwa kufuta, na hakuwahi kuomba ruhusa ya mtu. Siku ile aliomba.

"Nifute?"

Neno moja, kwa sauti ya chini, na macho yake hayakuwa na hasira yoyote.

"Futa, baba," nikasema.

Akafuta. Aliburuta polepole, kutoka shimoni kurudi pale nilipokuwa nimesimama, na alipofika kwenye vile vidoti viwili aliusimamisha ubao kidogo, akanipa nafasi ya pili bila kunitazama. Nikageuka kupokea mikono ya watu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuacha ufa nikaenda mezani, chini ya turubai la klabu, nikasaini kadi. Katibu wa klabu, Mzungu mrefu aliyekuwa pia bosi wetu wote mgodini, akanipa mkono. Yule mchezaji wa Nairobi akauliza kama nina viatu vya safari. Nilisema ninavyo. Ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa wepesi zaidi ya ule wa kwanza.

Ndipo Mzee Luhende akaja, akalaza ubao wake juu ya meza, kati ya vikombe vya chai. "Naurudisha," akamwambia katibu. Katibu akauliza kuna nini. Mzee akasema, "Hakuna kitu, bwana. Nimezeeka." Akaondoka.

Nilimkimbilia. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji akifunga shuka lake. Nikamsalimu shikamoo kama mjinga, ilhali tulikuwa pamoja tangu asubuhi. Akaitika marahaba, kisha akaniambia kwa Kisukuma maneno ambayo nitakutafsiria kadiri ya uwezo wangu.

"Maige, kwetu mtu akifuta unyayo wa ng'ombe wa wizi, hulipa sawasawa na mwizi. Mimi nimefuata nyayo tangu sijaota ndevu. Nimewahi kufuata nyayo hadi mlangoni kwa ndugu yangu wa tumbo moja, na sikufuta. Leo nimefuta."

"Baba, uliona?"

"Nilikuuliza," akasema.

Basi. Hakuniita mwongo, hakunipiga, hakutishia kunisema. Mdomo wake ulitetemeka, na nikaelewa kwamba analia, mzee wa miaka ile, kwa ajili ya vidoti viwili vya mchanga. Mwanangu, niliona aibu ambayo sijaiona tena. Nilidhani uongo wangu ni wangu. Kumbe nilikuwa nimemtwika mtu msafi, akaubeba kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu mimi nilisema futa.

Nikarudi mezani. Nilisema mbele ya watu wote kwamba mpira wangu ulisogea kabla sijapiga. Pakawa soko. Wengine walisema hakuna ushahidi, mchanga umefutwa, jambo liishe. Wengine wakasema niongezewe pigo moja, turudie kesho. Nyapara akasema yeye hakuona na asichokiona hakihukumu. Salumu, Mungu amrehemu, akasimama akasema, "Mimi nakubali turudie. Sitaki kazi ya kuokota."

Katibu akachukua kijitabu cha sheria. Akasoma. Akarudi ukurasa wa nyuma, akasoma tena, akaenda mbele, akarudi. Nilimwona anatafuta mlango wa kunipitisha na hauoni. Hapo ndipo nilipostaajabu kuliko kwato ya ndama. Mtu huyu aliweza kumfukuza mtu kazi kwa kidole, angeweza kufunga mgodi mzima kesho yake, lakini kijitabu cha kuenea kiganjani kilikuwa kimemshinda, naye alikitii.

Akasema taratibu, "Kama ungesema kabla ya kusaini, lingekuwa pigo moja. Umesaini kadi yenye hesabu pungufu. Umeondolewa katika mashindano."

Kosa ni lilelile, mwanangu. Kule kwenye mchanga bei yake ilikuwa pigo moja. Hatua mia baadaye, mezani, bei yake ikawa yote.

Salumu akaenda Nairobi. Jumatatu mimi nikashuka chini ya mwamba. Sitakudanganya kwamba nilishuka nikiimba. Nilishuka nikiuma meno, na kwa wiki nyingi niliamka nikijiuliza kama sikuwa mpumbavu. Majuto ni mjukuu, lakini mimi sikujua hata ninajutia lipi, kusema au kuchelewa kusema. Jambo moja tu lilinituliza: kila Jumapili nilimwona Mzee Luhende yupo uwanjani na ubao wake. Alikuwa amerudi jioni ileile, akauchukua pale mezani.

Masika mbili zikapita. Macho ya mzee yakaanza kuingia ukungu. Katibu akamuuliza amtafute nani wa kushika brauni, na waombaji walikuwa wengi, maana ni kazi ya juani. Mzee akasema, "Yule Maige. Mwingine simjui." Katibu akamkumbusha kwamba Maige ndiye aliyeondolewa mashindanoni. "Ndiyo," mzee akasema. "Huyohuyo."

Hivyo ndivyo nilivyotoka chini ya mwamba. Si kwa fimbo niliyojivunia, bali kwa ubao wa kufutia. Siku aliponikabidhi nilimwambia wabeja, ahsante ya kwetu. Mapafu haya unayoyasikia yakipumua nikiwa na umri huu ni zawadi yake. Nikaburuta ubao ule miaka mingi. Wachezaji wakubwa walipita mbele yangu, weupe kwa weusi, na mara chache, niliona vidoti viwili. Sikumshitaki mtu. Nilisimama ukingoni mwa duara nikauliza kama nilivyoulizwa. Wapo walioniambia futa, nao sikuwafutia. Niliwaachia ubao wafute wenyewe. Na wapo walionyamaza, wakashusha pumzi, wakainua mkono kumwita mwamuzi. Hao ningeweza kuwabusu miguu.

Basi shika haya. Kosa lako liseme likiwa bado dogo, mahali lilipotokea, kabla hujatia saini yako juu yake. Usimngoje shahidi, maana shahidi wa kwanza ni nafsi yako, unalala nayo kitanda kimoja. Na usimpe mtu mwema ubao akufutie, kwa sababu ukimpa, mwizi mmoja mmekuwa wawili.

Mungu akupe mkono mzuri kuliko wangu, mwanangu, na kifua kisafi. Ukisimama juu ya mchanga wako na mpira ukasogea, akuletee mtu wa kukuuliza, "Nifute?" Kisha Mungu akulainishie ulimi, useme, "Subiri kwanza, baba."