Panya Waliobaki Hai

Kazi yangu katika maabara ya Tanga ilikuwa kuwatunza panya weupe, na baadaye kuwadunga sindano. Daktari alitaka kujua ni watu gani wa pwani waliowahi kuugua homa fulani ya mbu wakapona. Tulichukua yale maji ya manjano yanayojitenga damu ikiganda, tukayachanganya na virusi vya homa hiyo, tukayaacha kidogo penye joto, kisha tukawadunga panya. Wakifa, damu ile haina kinga. Wakiishi, mwenye damu alikwisha kupambana na ugonjwa akaushinda. Mpaka leo sijaona njia iliyo wazi kuliko hiyo, na hunikera mtu akiiita uchawi.

Watu wa Ngamiani, mtaani nilikopanga chumba, waliiita umumiani, kazi ya wanyonya damu. Nilitoka Mkwaja, mjini sikuwa na ndugu, na mtaa mzima ulijua kuwa nashika damu za watu. Nikikaa barazani, niliowakuta walikumbuka shughuli zao ghafla. Upweke ule uliniuma, tena sana. Ramadhani ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: kila nyumba watu wamezunguka sinia, mimi na tende zangu chumbani.

Mama mwenye nyumba peke yake ndiye aliyeniita uani nifuturu naye na wajukuu zake. Muhogo wa nazi, samaki, uji wa pilipili manga, mikono yetu sote katika sinia moja. Kabla ya mfungo alikuwa amekubali hata kunipa damu ya kupima, ili majirani waone kuwa haniogopi.

Panya waliopata maji ya damu yake waliishi wote. Wenzao, waliodungwa virusi vitupu, walikufa. Nilirudi nyumbani mbio kwa furaha, nikakuta sinia limeshawekwa.

"Shikamoo, mama. Damu yako ina nguvu. Panya wako wote wazima."

"Marahaba. Panya wangu?"

Nikamweleza yote, kwa raha ya mtu aliyekosa wa kuongea naye. Alikuwa akiutazama mkono wangu wa kulia.

"Damu yangu umewatia panya," akasema taratibu, "kisha mkono huohuo, mwanangu, unautia katika sinia langu."

Nikamwambia kuwa tunanawa kwa sabuni na dawa. Akasema amenielewa. Tangu kesho yake futari yangu ilikuja katika sahani ya peke yake, imefunikwa kawa, ikaachwa mlangoni kwangu. Chakula kilikuwa kilekile, tena kingi zaidi.