Mtani Aliyenishikia Kamba

Mimi ni Mnyamwezi, na simfichi mtu: kupanda jabali lile karibu na Puge kulikuwa kiherehere changu mwenyewe. Mwalimu mwenzetu Mzungu alitusimulia kwamba kwao watu hupanda majabali ya chokaa kwa kamba, kipande kwa kipande, kutwa nzima, kisha wanashuka. Hawafuati asali wala mbuzi aliyepotea. Nikasema hilo hata mimi naliweza. Mdomo wangu huo.

Jumamosi tukaenda watatu. Wa tatu alikuwa mwalimu wa hesabu, Mzaramo, mtani wangu tangu babu zetu walipokutana kwenye misafara ya kubeba pembe kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana nawe huruhusiwi kununa. Hata ukifa, yeye ndiye huja kuchekesha watu msibani.

Mzungu alitangulia mpaka kwenye kibaraza cha jiwe katikati ya jabali, akamvuta mtani, kisha akaifungua kamba kiunoni mwake akazunguka kona kutafuta njia ya juu. Kazi ya kunivuta mimi akamwachia mtani. Sharti lilikuwa moja tu: jifunge kwanza kwenye mti ulioota pale kibarazani, ndipo umvute mwenzio.

Nilikuwa nimebakiza kama urefu wa nyumba moja mguu ulipoteleza. Nikaning'inia hewani.

"Vuta, bwana," nikasema.

"Kwanza ukiri," akajibu kutoka juu. "Nani alikuwa punda wa misafara?"

"Acha upuuzi wako."

"Basi tulia hapohapo, tuna siku nzima."

Nikakiri. Akataka nikiri pia kwamba kanzu tulifundishwa kuvaa na wao. Nikakiri hata hilo, huku nimefura kwa hasira na kumpangia matusi ya mwaka mzima. Ndipo kamba ikaanza kupanda, polepole mno.

Nilipofika nilimkuta amekaa chini, visigino amevikaza kwenye ufa, viganja vimechunika. Kitanzi cha kujifungia kilikuwa kimelala chini ya mti. Alikuwa mbioni kutafuta cha kunitukana, akasahau kujifunga. Muda wote ule wa maneno ya punda na kanzu, kumbe alikuwa akitafuta pa kukazia visigino nisimvute chini.

"Mbona hukusema?"

"Ungeanza kutapatapa, tungekwenda wote wawili."

Alikuwa mdogo wangu kwa miaka miwili. Matusi yangu yote yalinikauka mdomoni.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba," akaitikia, meno yakimgongana.