Uthibitisho Uliokuja Upesi Mno

Saa tatu asubuhi, mjini Sfax, Tunisia, Emna Kammoun anabonyeza kitufe na kwenda kuchemsha kahawa. Siku nyingine kompyuta yake humaliza kukagua kazi yake adhuhuri. Leo kahawa haijapanda povu, jibu limeshatoka: imethibitishwa.

Ofisi inashangilia. Bosi wake, Ridha, anafungua boksi la makroudh, vitafunio vitamu vya tende.

"Kula, binti Kammoun. Imebaki sahihi yako tu."

Emna anaishi kwa mantiki, nayo humlipa dinari elfu mbili kwa mwezi. Anaandika kanuni za programu zinazojiamulia mambo zenyewe. Kisha programu nyingine, kithibitishi, inapekua kama kanuni hizo zinaweza kumdhuru mtu.

Hii ya leo itaendesha pampu ya insulini ya watoto. Wa kwanza kufungwa pampu hiyo ni Yosr, bintiye wa miaka saba, ambaye ncha za vidole vyake zimeota sugu kwa kutobolewa kupimwa sukari.

"Mama yeyote angetia sahihi mbio," anasema Emna. "Lakini moyo wangu unagoma. Imekuwa rahisi mno."

Anaiweka makroudh pembeni bila kuionja. Anakiandikia kithibitishi uongo wa makusudi: sukari ya mtoto ikishuka, pampu itamwongezea maradufu insulini, dawa inayoishusha zaidi. Anabonyeza.

Imethibitishwa.

"Emna, usituharibie siku," Ridha anasema. "Mashine imeshasema."

"Imesema na hili pia, bosi. Soma. Mwanao ungemfunga pampu hii?"

Ridha anasoma. Anafunika boksi polepole.

Kanuni moja ilisema programu inajua sukari ya mtoto wakati wote. Nyingine ilisema kipimo kilichobandikwa mkononi kikibanduka, haijui. Na kipimo hubanduka, maana watoto wanacheza. Kanuni zikigombana hivyo, kithibitishi hukubali lolote utakaloliuliza, la kweli na la uongo.

"Ni kama shahidi anayeitikia kila swali ndiyo," anasema Emna. "Na kanuni zile niliziandika mimi."

Tuwe macho, wazazi. Ukiambiwa kompyuta imethibitisha, usitulie hapo hapo. Uliza imethibitisha nini, na kwa kanuni za nani.

Emna anaziandika upya. Amepanga kwamba kuanzia sasa kila kazi ataijaribu kwanza kwa uongo; ikiukubali, anaitupa.

Jioni Yosr ananyoosha kidole kitobolewe, uso kaugeuzia dirishani.

"Pampu yangu lini, mama?"

"Siku itakapoukataa uongo wangu."

Yosr anafikiri kidogo. "Basi itungie uongo mkubwa. Isichelewe kuukataa."